Uzito wa Mfuko: Sheria za Dawa za Kulevya na Magereza ya Mpakani

Magereza ya Tanzania Bara yamejengwa kulaza watu wasiofika 30,000. Desemba 9, 2017, katika sherehe za Uhuru mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kuwa waliomo walikuwa takriban 39,000, wakiwemo 522 waliosubiri kunyongwa na 666 wenye kifungo cha maisha. Siku hiyo aliwasamehe wafungwa 8,157, baadhi wakitoka papo hapo na wengi zaidi wakipunguziwa muda. Miaka miwili baadaye, Desemba 9, 2019, jijini Mwanza, alisamehe wengine 5,533, na katika orodha ya mikoa iliyosomwa, Kagera ndiyo iliyoongoza. Mkoa uliokuwa na wafungwa wengi kiasi hicho wa kusamehewa haukuwa Dar es Salaam yenye bandari na mamilioni ya watu. Ulikuwa mkoa wa wakulima wa ndizi, maharage na kahawa, uliobanwa kati ya Ziwa Viktoria na mipaka ya Uganda, Rwanda na Burundi.

Kwa uwiano wa watu, Tanzania si nchi ya vifungo vingi. Kwa hesabu hiyo ya 2017, waliokuwa gerezani hawakufikia 80 kwa kila watu 100,000. Marekani mwaka 2008, idadi ya wafungwa wake ilipokuwa kileleni, ilikuwa na zaidi ya 700 kwa kila 100,000, jumla ya watu kama milioni 2.3, na hata baada ya kupungua bado ina zaidi ya 500. Rwanda imevuka 600. Mtu aliyesimama kwenye daraja la Rusumo, wilayani Ngara, ana upande mmoja nchi inayofunga watu kwa uwiano unaozidi wa Marekani, na upande wa pili nchi inayofunga kama sehemu ya kumi ya hapo. Chanzo cha idadi ya Rwanda kinajulikana: baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 zaidi ya watu 120,000 walirundikwa magerezani, na mahakama za Gacaca zilihitaji miaka kumi, 2002 hadi 2012, kuyamaliza mashauri yao. Tangu hapo nafasi zimejazwa kwa sehemu kubwa na makosa ya kawaida, yakiwemo ya dawa za kulevya.

Kwa nini basi Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za Kagera, ziingie katika sura inayohusu vifungo vya dawa za kulevya? Kwa sababu sheria inayotumika huko ina ukali wa Marekani ya miaka ya 1980, lakini haina maabara za Marekani, wala majaji wake, wala fedha zake. Sheria ya namna hiyo ikipelekwa katika wilaya iliyo mbali na mahakama kuu na mbali na mkemia, sehemu kubwa ya adhabu hutumikiwa kabla ya hukumu.

Marekani ilianza kutumia lugha ya vita mwaka 1971, Rais Richard Nixon alipotangaza matumizi ya dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa taifa. Jimbo la New York lilifuata mwaka 1973 kwa sheria za Gavana Nelson Rockefeller zilizoweka vifungo virefu vya lazima. Ufunguo wenyewe wa magereza, hata hivyo, ulikuwa sheria ya shirikisho ya 1986. Juni mwaka huo mchezaji wa mpira wa kikapu Len Bias, aliyekuwa amechaguliwa na klabu ya Boston Celtics siku mbili kabla, alikufa kwa kokeini. Kufikia Oktoba bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyompa kifungo kisichopungua miaka 5 mtu aliyekamatwa akisambaza gramu 5 za kokeini ya kuvuta, ile inayoitwa krak, wakati mwenye kokeini ya unga alihitaji kuwa na gramu 500 ili afungwe muda huo huo. Krak ilikuwa mitaani kwa Wamarekani weusi maskini, unga ulikuwa kwenye sherehe za wenye nacho. Uwiano huo wa 100 kwa 1 ulidumu hadi 2010, ulipopunguzwa kuwa 18 kwa 1. Haukufutwa.

Mambo mawili ya historia hiyo yanastahili kukumbukwa hapa. La kwanza ni kwamba sheria ilitungwa kwa haraka, katika joto la tukio moja. La pili, ambalo lina uzito zaidi, ni kwamba mamlaka ya kupima kosa yaliondolewa kwa hakimu yakapewa mizani. Hakimu wa zamani aliweza kuuliza: huyu ni nani, amefanya mara ngapi, alilipwa na nani? Baada ya 1986 swali likabaki moja: gramu ngapi?

Tanzania ilifika mahali hapo kwa njia ndefu zaidi. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipiga marufuku bangi Tanganyika kwa amri zake, katika dunia ambayo mkataba wa Geneva wa 1925 ulikuwa umeiweka bangi chini ya udhibiti wa kimataifa pamoja na afyuni. Amri hizo zilirithiwa baada ya Uhuru na zikaendelea kutumika kwa miongo mitatu. Kilichobadilisha hali ni heroini, iliyoanza kuingia pwani, Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, kuanzia miaka ya 1980. Bunge likapitisha sheria mpya, namba 9 ya 1995, iliyounda Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya, na mwaka uliofuata nchi ikajiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, ambao unazitaka nchi wanachama ziuhesabu usafirishaji wa dawa za kulevya kuwa jinai nzito.

Malalamiko juu ya sheria ya 1995 yalikuwa kwamba haina meno. Tume iliratibu tu, haikukamata. Hivyo ikaja Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, namba 5 ya 2015, iliyounda Mamlaka yenye uwezo wa kupeleleza, kupekua na kukamata. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alianza kusoma hadharani majina ya watu aliotaka waripoti polisi, wakiwemo wasanii, wafanyabiashara, viongozi wa dini na wanasiasa. Magazeti hayakuwa na habari nyingine kwa wiki kadhaa. Mwezi huo huo Rais alimteua Rogers Sianga kuwa Kamishna Jenerali wa kwanza wa Mamlaka, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likaifanyia sheria marekebisho yaliyoikaza zaidi. Ni mtiririko ule ule wa Marekani ya 1986, ila huku ulianza na orodha ya majina badala ya kifo cha mchezaji.

Baada ya marekebisho hayo, adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya ni kifungo cha maisha. Kwa kiasi kilicho chini ya viwango vilivyotajwa, kama vile gramu 200 za dawa za viwandani, au bangi na mirungi isiyozidi kilo zilizowekwa na sheria, adhabu ni miaka 30. Kulima bangi nako kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Neno "kusafirisha" katika sheria hiyo ni pana kuliko linavyosikika mtaani, kwani linajumuisha kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kubeba, kupeleka na hata kumiliki. Mwenye bodaboda aliyelipwa nauli abebe kiroba, mama aliyekihifadhi kiroba hicho chumbani kwa usiku mmoja, na tajiri aliyekiagiza, wote ni wasafirishaji. Kifungu cha kupatikana na kiasi kidogo kwa matumizi binafsi kipo, nacho kina adhabu nyepesi, lakini kinaokoa wachache: mwenye misokoto michache mfukoni, si mwenye kilo tatu kwenye begi.

Kati ya hakimu na mtu huyo wa kilo tatu hakuna nafasi ya kujadiliana. Akimwona na hatia, ni miaka 30. Mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi moja ya kifungo chake, kwa hiyo atakaa 20. Kwa kulinganisha, Mtanzania mmoja ambaye Marekani ilimtangaza kinara wa biashara ya heroini, kisha akapelekwa huko mwaka 2017 kujibu mashtaka, alikiri kosa na akapewa kifungo kisichofika miaka 10. Hapana shaka kukiri kulimsaidia. Lakini inabaki kweli kwamba mkulima wa bangi wa bara anaweza kufungwa zaidi ya mara tatu ya kinara wa heroini wa pwani.

Na bangi ndiyo inayokamatwa. Mwaka 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 1,965,340 za dawa za kulevya za aina zote, zaidi ya jumla ya miaka kumi na moja iliyotangulia, pamoja na watuhumiwa 10,522, kati yao wanaume 9,701 na wanawake 821. Sehemu kubwa mno ya uzito huo ilikuwa bangi, ikifuatwa kwa mbali na mirungi. Ile shehena ya Desemba 2023 iliyopewa vichwa vya habari, kilo 3,182 za heroini na methamfetamini zilizokamatwa Dar es Salaam na Iringa, ingawa ilikuwa kubwa kuliko zote za aina hiyo katika historia ya nchi hadi wakati huo, haifiki hata sehemu moja kati ya mia tano ya uzito wa mwaka mzima. Sheria ilitungwa kwa kuiogopa heroini. Kazi yake ya kila siku, hasa mikoa ya bara, ni majani.

Ngara inaongeza jambo ambalo mikoa ya ndani haina, nalo ni mpaka. Mto Ruvubu unaingia kutoka Burundi na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kivuko rasmi cha kwenda Rwanda kiko hapo Rusumo, na cha Burundi kiko Kabanga, kikitazamana na Kobero. Katikati ya vivuko hivyo ni vilima, migomba na njia za panya ambazo watu wamezipita tangu kabla ya kuwapo mstari wowote kwenye ramani. Wahangaza na Washubi, wenyeji wa Ngara, wanaelewana na Warundi bila mkalimani, wanaoana nao, na msimu wa kulima ukifika wenye mashamba wa Ngara huajiri vibarua kutoka ng'ambo. Bidhaa nazo hupita: maharage, mafuta ya kula, mbuzi, pombe, na miongoni mwao bangi, ambayo ng'ambo zote mbili huitwa urumogi.

Kitu kilekile hubadilika hadhi kinapovuka maji. Gongo nchini Tanzania ina sheria yake ya 1966, na anayeipika au kuiuza hushtakiwa kwa pombe haramu. Nchini Rwanda pombe ya aina hiyo, kanyanga, imewekwa katika orodha ya dawa za kulevya zenyewe, katika daraja la chini. Bangi upande huo iliwekwa mwaka 2019 katika daraja la juu kabisa pamoja na heroini, na sheria ya 2018 inampa muuzaji kifungo kinachozidi miaka 20 hadi maisha. Mwaka 2020 serikali hiyo hiyo ya Rwanda iliruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya kuuza nje kama dawa, jambo linaloonyesha kuwa kinachohukumiwa si mmea bali ukosefu wa kibali. Kaskazini zaidi mkoani Kagera, kule Mutukula kwenye mpaka wa Uganda, mambo hugeuka tena: mirungi, ambayo Kenya imeiweka kisheria katika mazao yake ya kilimo tangu 2016, ni dawa ya kulevya mara tu ikifika Tanzania. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliitengua sheria ya nchi hiyo ya dawa za kulevya mwaka 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, kwa hiyo kwa miezi kadhaa mirungi ilikuwa halali Uganda hadi sheria ilipopitishwa upya.

Mpakani, basi, msafirishaji mkubwa anaijua ramani ya sheria na huajiri wengine wapite nayo. Anayekamatwa ni mbebaji.

Njia ya kesi kutoka kijijini Ngara hadi hukumuni ni ndefu, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua. Askari wanapopekua nyumba au begi hutakiwa kuwa na shahidi huru, ambaye mara nyingi ni mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, na kujaza hati ya ukamataji mali inayosainiwa na wote. Kielelezo hufungwa, hupigwa lakiri, hupewa namba na kuandikishwa kwenye daftari la kituo. Kutoka hapo sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, kwa sababu mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa majani yanayofanana na bangi. Ni lazima ripoti ithibitishe kuwa ni bangi na uzito wake. Uzito huu si jambo dogo: bangi mbichi ikikauka stoo hupungua kilo, na tofauti kati ya mizani ya siku ya kukamatwa na mizani ya maabara imewapa mawakili kazi katika rufaa nyingi.

Makosa haya yakihesabika kuwa ya uhujumu uchumi chini ya sheria ya 1984, kesi haiwezi kusikilizwa bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mahakama ya Wilaya inaweza kusikiliza kesi za viwango vya chini ikipewa hati maalumu ya ofisi hiyo. Za viwango vya juu ni za Mahakama Kuu, ambayo kwa Kagera iko Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Ngara kwa kupitia Biharamulo na Muleba. Lakini hazianzii huko. Huanzia mahakama ya chini, ambako mshtakiwa husomewa mashtaka na kuambiwa asijibu kitu, kwa kuwa hakimu aliye mbele yake hana mamlaka ya kulisikiliza shauri. Hurudishwa rumande. Baada ya wiki mbili karandinga humleta tena, wakili wa Serikali husimama na kusema upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine hupangwa. Kilichokosekana huenda ni ripoti ya Mwanza, huenda ni ridhaa, huenda ni jalada lililoko njiani. Siku hizi baadhi ya mahakama huahirisha kwa video, jambo linaloiokoa serikali mafuta ya gari na kumwondolea mahabusu safari pekee aliyokuwa nayo nje ya ukuta.

Dhamana ingeweza kuyafupisha haya yote. Kwa uzito unaovuka viwango vya sheria, imefungwa: hakimu hana uwezo wa kuitoa hata akitaka. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Dickson Sanga dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliamua kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachoorodhesha makosa yasiyo na dhamana, kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo na kifungu kikabaki. Hata penye dhamana, Ngara ina kikwazo chake: mgeni kutoka ng'ambo hana mdhamini mwenye barua ya mtendaji na hati ya nyumba.

Ndiyo maana kwa miaka mingi karibu nusu ya watu waliomo katika magereza ya Tanzania walikuwa mahabusu, watu ambao kisheria hawana hatia. Kwa mshtakiwa wa bangi jambo hili lina ukatili wa pekee. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara kwa mara, hasa tangu kesi ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, kwamba upande wa mashtaka uonyeshe mnyororo wa utunzaji wa kielelezo tangu kilipokamatwa hadi kilipofikishwa mahakamani. Kiungo kimoja kikikatika, hatia inaweza kutenguliwa. Kituo cha polisi chenye stoo moja na daftari moja hukatika viungo kirahisi, na wafungwa wengi wa dawa za kulevya wameachiwa huru kwa sababu hiyo. Huachiwa wakiwa wameshakaa ndani miaka sita, saba. Sheria kali hivi haimwachi hakimu nafasi ya kusema kosa lipo lakini ni dogo, kwa hiyo mwisho wake huwa ama miaka 30 ama kuachiwa kabisa, na yote mawili hufika baada ya mtu kutumikia kifungo cha kusubiri.

Ndani ya magereza ya wilaya za mpakani mahabusu wa bangi hawako peke yao, na mara nyingi si wao walio wengi. Historia ya Ngara imejaza vyumba hivyo kwa njia nyingine. Aprili 28 na 29, 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa kama siku moja, na Benaco ikawa kambi kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Wilaya iliyokuwa na polisi wachache na gereza dogo ikawa na jiji la mahema. Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996, Warundi wakabaki Lukole na kambi nyingine, na kuanzia 1997 serikali ilikataza mkimbizi kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini. Kutafuta kuni, kibarua au soko kukawa kosa la jinai. Septemba 2013 ilikuja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, iliyokamata na kuondosha maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu, miongoni mwao waliozaliwa Tanzania.

Upande wa Biharamulo kuna misitu. Barabara inayoipita ilikuwa maarufu kwa ujambazi, kiasi cha mabasi kusindikizwa na askari wenye bunduki, na unyang'anyi wa kutumia silaha nao una kifungo cha lazima cha miaka 30. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na aliyekutwa na nyara za serikali hukabili miaka 20 au zaidi. Katika chumba kimoja, basi, hukutana mchungaji aliyepeleka ng'ombe hifadhini, kibarua wa Kirundi asiye na kibali, mbebaji wa bangi na mtuhumiwa wa mauaji. Nyapara ndiye anayegawa mahali pa kulala.

Familia hulipa sehemu yake. Mashamba ya Ngara hulimwa kwa jembe la mkono, kwa hiyo mwanamume mmoja akiondoka kabla ya mvua za vuli, ekari hazilimwi. Mke huuza mbuzi amlipe wakili, kisha kipande cha shamba, kisha huacha kwenda kumwona mfungwa kwa sababu nauli ya Bukoba ni kubwa kuliko kipato cha mwezi. Wanawake wanaofungwa ni wachache, lakini akifungwa mama mwenye mtoto anayenyonya, mtoto huingia naye gerezani. Kwa Mrundi hakuna anayekuja kabisa. Akimaliza kifungo hukabidhiwa Uhamiaji na kupelekwa Kabanga, na mara nyingi hana hata nguo aliyokuja nayo. Anarudi kwenye nchi ambayo magereza yake yenyewe, yaliyojengwa kwa watu wapatao 4,200, yamekuwa yakibeba zaidi ya 12,000.

Wapo pia waliotoka Ngara na kukutana na sheria ya Marekani yenyewe. Kuanzia 2007 serikali ya Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972, wengine wao kutoka kambi za Ngara, na kuwatawanya katika miji yake mingi. Vijana waliokulia Lukole wakamalizia ujana katika mitaa ambayo polisi huisaka zaidi kwa dawa za kulevya. Kwa asiye raia, hukumu ya dawa za kulevya haiishii gerezani. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inaruhusu afukuzwe nchini, na msamaha pekee wa wazi ni kwa aliyepatikana mara moja tu na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake. Majimbo mengi yameshahalalisha bangi na maduka yake yana leseni na vibao vya taa, lakini sheria ya shirikisho haijayafuata, na uhamiaji ni wa shirikisho.

Milango ya kutokea, kwa wafungwa wa Tanzania, ni michache, na kwa wafungwa wa dawa za kulevya karibu yote imefungwa. Msamaha wa Rais huja na orodha ya makosa yasiyohusika, na kusafirisha dawa za kulevya huwamo pamoja na mauaji, ubakaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Parole, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, nayo imewaacha nje. Huduma kwa jamii chini ya sheria ya 2002 ni kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu, kwa hiyo inaweza kumfaa mwenye misokoto, si mwenye kiroba. Misamaha hiyo mikubwa ya 2017, 2019 na ule wa Aprili 2021, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alisamehe 5,001, ilipunguza msongamano kwa kuwatoa wezi wadogo, wahamiaji na wagonjwa. Walioachwa ni wale wa vifungo virefu, ambao hujikusanya mwaka hadi mwaka.

Tiba imepiga hatua zaidi kuliko sheria. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni waraibu wa heroini, mpango wa kwanza wa serikali wa aina yake katika bara hili kusini mwa Sahara, na vituo vimeongezeka tangu hapo: Hospitali ya Sekou Toure ya Mwanza ina chake, na hata Segerea, gereza la Dar es Salaam. Methadoni, hata hivyo, ni dawa ya uraibu wa heroini. Haina la kumfanyia kijana wa Ngara aliyefungwa kwa bangi, ambaye mara nyingi hata si mvutaji.

Januari 2023 Rais Samia aliunda Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti yake ilikabidhiwa Julai mwaka huo, ikieleza kwa kirefu malalamiko ya wananchi kuhusu ukamataji, ucheleweshaji wa upelelezi, dhamana na msongamano. Kabla ya hapo, marekebisho ya 2022 yalikuwa tayari yamezuia mashtaka mengi kufunguliwa mahakamani upelelezi ukiwa haujakamilika. Makosa makubwa yaliachwa nje ya zuio hilo, na usafirishaji wa dawa za kulevya kwa viwango vya Mahakama Kuu umo katika hayo yaliyoachwa. Lugha ya mahakama imekuwa Kiswahili tangu 2021, hivyo mshtakiwa wa Ngara anaweza sasa kuifuata kesi yake kwa masikio yake mwenyewe, kila baada ya wiki mbili, inapoahirishwa.